Aliye Karibu Zaidi na Sakafu: Mhadhara Kuhusu Kuchagua Umalizio wa Sakafu

Mhadhara wa ujenzi mara nyingi huhusu paa, nguzo na nondo. Mimi nimeomba tuinamishe macho, kwa kuwa hakuna sehemu ya jengo inayoguswa na mwili wa binadamu kwa saa nyingi kama sakafu, wala hakuna inayochaguliwa kwa haraka kama hiyo.

Tazameni inavyochaguliwa. Nyumba imefika kwenye umaliziaji, fedha imeanza kukata, mwenye nyumba anaingia dukani. Vigae vimesimamishwa ukutani chini ya taa kali, vikavu, visafi, vinang'aa. Anavitazama akiwa wima na viatu miguuni, anapenda kimoja, analipa. Kisha kigae kile kinalazwa chini. Kinamwagikiwa maji ya vyombo, kinatambaliwa na mtoto wa miezi minane, kinakanyagwa usiku wa manane na bibi ambaye magoti yamechoka, na kila asubuhi kinapigwa deki na mtu ambaye hakuulizwa neno hata moja. Hoja yangu jioni hii ni kwamba huyo wa kuulizwa kwanza ni yule aliye karibu zaidi na sakafu. Katika kila jengo yupo. Mtafuteni kabla hamjazungumza rangi.

Nianze na nyumba ambazo hazina kigae wala saruji, kwa sababu huko ndiko uchaguzi wa sakafu unakogusa uhai. Katika vijiji vyetu vingi sakafu ni udongo. Mama husiliba kwa udongo na samadi ya ng'ombe, na sakafu iliyosilibwa vizuri kila wiki hupendeza na hutulia. Lakini udongo unakatika, vumbi linazaliwa, na katika vumbi hilo anaishi funza. Mdudu huyu si wa asili ya Afrika. Alifika Angola kutoka Brazili kwa meli mwaka 1872, akasambaa barani, na karne ya 19 haikuisha kabla hajafika pwani ya Bahari ya Hindi. Jike huzama kwenye ngozi ya mguu, hutaga mayai, mayai huanguka chini, na viluwiluwi hukua katika vumbi lile lile la chumbani. Unaweza kumtoa mtoto funza kwa sindano leo na kesho akapata wengine, maana kiwanda chao ni sakafu anayolalia.

Mwaka 2000 jimbo la Coahuila nchini Meksiko lilianza kuzimwagia zege nyumba za maskini zilizokuwa na sakafu za udongo. Mpango huo uliitwa Piso Firme. Wachumi wakazilinganisha nyumba zilizopata zege na nyumba zinazofanana nazo katika miji jirani ya jimbo jingine, ambako mpango haukufika. Walikadiria kwamba pale ambapo udongo wote umegeuka zege, minyoo na vimelea vingine kwa watoto wadogo vilipungua kwa asilimia 78, kuharisha kwa asilimia 49, na upungufu wa damu kwa asilimia 81. Akina mama wa nyumba zile nao walisema wameridhika zaidi na maisha yao. Gharama ilikuwa kama dola 150 kwa nyumba. Nimekaa na tarakimu hizi muda mrefu, na kila nikizirudia najiuliza kwa nini katika mikutano ya afya ya kijiji tunazungumza vyandarua na vyoo, jambo jema kabisa, lakini sakafu hatuitaji.

Mtaniambia saruji ni ghali, na ni kweli. Basi tazameni Rwanda, ambako shirika la EarthEnable limekuwa likijenga sakafu za udongo zisizotoa vumbi. Hupanga changarawe chini, juu yake tabaka la mchanganyiko wa mchanga na udongo wa mfinyanzi, hushindilia hadi igome, husawazisha, kisha hupaka mafuta ya mbegu yaliyotayarishwa ili yakauke na kuwa utando mgumu usiopitisha maji. Sakafu hiyo inadekika. Gharama yake iko chini sana ya ile ya zege, na fundi wa kijijini anaweza kufundishwa. Haifai kila mahali. Ikiwa maji ya mvua yanaingia ndani, au uwanja uko juu kuliko chumba, itaharibika. Kwanza inua msingi na uchimbe mfereji. Lakini kwa mtu ambaye atasubiri saruji miaka kumi huku watoto wakikua juu ya vumbi, hiyo ni njia halali na yenye heshima.

Anayeweza kununua saruji, naye asidhani kila sakafu ya saruji ni sakafu. Nenda kwenye madarasa yetu mengi uone. Mwaka wa kwanza sakafu ni nyororo, mwaka wa tatu inatoa unga, mwaka wa tano ina mashimo ambamo miguu ya madawati inazama. Watoto wanakaa chini, wanapumua unga ule. Ubaya wake mara nyingi ulianza siku ya kwanza. Fundi alichanganya kwa maji mengi ili apate wepesi wa kusawazisha. Maji yakapanda juu yakibeba saruji dhaifu. Yeye akanyunyizia saruji kavu kukausha uso, akapiga niru, akaondoka. Uso ule unang'aa siku ya makabidhiano na kubanduka baadaye. Tena hakuna aliyeumwagilia maji. Saruji haikauki kama nguo kwenye kamba. Inakomaa kwa kunywa maji, na sakafu inayoachwa kwenye jua la Dodoma bila kufunikwa inakufa ikiwa changa. Mchanganyiko mgumu wa sehemu moja ya saruji kwa tatu za mchanga safi, maji kidogo, kupigwa mwiko mara ya pili uso unapoanza kushika, kisha siku saba za kufunikwa magunia yaliyolowa: hayo yakifanyika, darasa litapata sakafu ya miaka thelathini bila kununua kitu kingine. Kamati ya shule isimamie siku hizo saba kama inavyosimamia mitihani.

Sasa twende pwani, na hapa naomba mniruhusu nikawie.

Nyumba za mawe za Lamu, Mombasa na Mji Mkongwe wa Unguja zina sakafu za ghorofani ambazo hazina undugu na zege la leo. Boriti za mikoko hupangwa kwa ukaribu kutoka ukuta hadi ukuta. Kwa kuwa boriti haivuki kwa salama nafasi inayozidi sana mita 3, vyumba vya nyumba hizo vikawa virefu na vyembamba. Juu ya boriti hulazwa mawe ya matumbawe, juu yake mchanganyiko wa kokoto za mawe hayo na chokaa, ukatwangwa kwa vipande vya mbao siku nyingi mpaka ushikane. Chokaa yenyewe ilichomwa kutokana na mawe ya matumbawe, na ikishawekwa huvuta hewa ya ukaa pole pole na kurudi kuwa jiwe. Sakafu ya namna hiyo hupitisha unyevu: wa kaskazi na wa masika unaingia, kisha unatoka. Inanyumbuka kidogo pamoja na boriti. Waliozijenga walizitandika mikeka na mazulia, wakavua viatu mlangoni, na zikadumu.

Kisha anakuja mpangaji mpya, au mwenye hoteli, na anataka vigae. Fundi anamwaga saruji ya milimita 50 ili apate usawa, kisha analaza vigae. Fanyeni hesabu. Saruji hiyo na vigae vyake ni kama kilo 120 kwa kila mita ya mraba. Chumba cha mita 3 kwa 6 kimebebeshwa zaidi ya tani mbili ambazo boriti hazikuwahi kuahidiwa. Hilo ni baya. La pili ni baya zaidi kwa kuwa halionekani. Saruji na vigae vinaziba njia ya unyevu kutokea juu. Maji yanayopenya kwenye bafu lililoongezwa ghorofani hayana pa kwenda ila kwenye ncha za boriti zilizo ndani ya ukuta, na ncha zinaoza, na mchwa wanafuata. Mwenye chumba anaona vigae vyake viko sawa kabisa. Aliye karibu zaidi na sakafu katika nyumba hizo ni yule anayelala chini yake.

Ndiyo maana nasema bila kusita: ghorofani katika nyumba ya boriti, usimwage saruji. Ziba nyufa kwa chokaa, rudisha tabaka la juu kwa chokaa, tandika mkeka, tandika zulia, au weka mbao nyepesi zinazoweza kuinuliwa ili boriti zikaguliwe. Bafu lishushwe chini inapowezekana. Mji Mkongwe uliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2000 na Lamu mwaka 2001, na wageni husifu milango iliyochongwa. Mimi nawaomba walinzi wa miji hiyo wapande ghorofani wakague chini ya vigae.

Vigae vyenyewe sivichukii. Tangu viwanda vya Mkuranga, Chalinze na Kajiado vianze kuvitoa kwa wingi, familia nyingi zimeweza kuwa na sakafu inayosafishika, na hiyo ni neema. Ninachotaka ni mnunuzi asome boksi. Kigae cha sakafuni chenye mwili mgumu kabisa hunywa maji yasiyozidi asilimia 0.5 ya uzito wake; cha ukutani kinaweza kunywa zaidi ya asilimia 10, nacho ni chepesi na dhaifu. Kila mwaka naona vya ukutani vimelazwa chini kwa sababu bei ilivutia, na vimepasuka chini ya miguu ya kitanda. Kisha kuna daraja la kustahimili kukwaruzwa, kutoka 1 hadi 5, kwa vigae vyenye ngozi ya kung'aa. Daraja la 3 linatosha sebule na vyumba. Duka, ofisi ya posta, korido ya shule zinataka la 4 au la 5, maana mchanga unaoingia na viatu ni msasa, na mahali pa watu wengi msasa huo haulali.

Alama muhimu kuliko zote ni ile ya utelezi, na ndiyo wauzaji wengi hawaijui. Herufi R na namba kuanzia 9 hadi 13 hutokana na kipimo ambacho mtu aliyevaa viatu hutembea juu ya vigae vilivyopakwa mafuta huku jukwaa likiinuliwa hadi aanze kuteleza. R9 ni ya mahali pakavu. Jiko la hoteli linataka R11 au R12. Kwa miguu mitupu kuna kipimo kingine cha maji ya sabuni, chenye madaraja A, B na C, na bafu la kuogea lisishuke chini ya B. Sisi ni watu wa kuoga kwa ndoo na kata. Maji yetu yanamwagika sakafu nzima. Tunatawadha tumesimama kwa mguu mmoja. Bafu lenye kigae kinachong'aa kama kioo, katika nyumba yenye mzee, ni hatari iliyojengwa kwa gharama kubwa. Mfupa wa nyonga ukivunjika katika umri wa miaka sabini na mitano, wengi hawarudi kutembea kama zamani. Nimeona familia zikilia juu ya jambo ambalo kigae cha bei ile ile, chenye uso wa kukwaruza, kingelizuia. Kama vigae vya utelezi vimeshalazwa, tumia vidogo vya mozaiki mahali pa kuogea, kwa kuwa mistari mingi ya grauti huushika mguu, na weka mteremko wa kweli kuelekea tundu la maji, angalau sentimita 1 kwa kila mita 1.

Kuhusu ulazaji nitasema machache. Kigae kinachowekwa juu ya madonge matano ya saruji kina hewa tupu katikati, na siku kitu kizito kitakapoanguka pale kitapasuka. Gundi itandazwe kote kwa mwiko wa meno. Pembeni mwa chumba iachwe nafasi ya milimita 5 hadi 10 bila kujazwa, skatingi itaifunika. Sakafu inayobana ukuta pande zote ikipata joto hunyanyuka katikati kwa kishindo, na wenye nyumba hudhani ni mambo ya kishirikina.

Mahali nako kunaamua. Kigae na zulia vilivyolala chumba kimoja vina joto moja. Kigae huonekana cha baridi kwa kuwa kinanyonya joto la mguu upesi zaidi. Tanga na Dar es Salaam hiyo ni raha. Njombe, Limuru au Kabale mwezi wa saba ni adhabu kwa mtoto anayetambaa. Huko juu mbao zina haki yake, na tuna mninga, ambao husifika kwa kujikunja na kusinyaa kidogo sana, na mvule na mtiki. Ila mbao hazina subira na jamvi la zege lililolowa. Zege hukauka kwa mwendo wa karibu milimita 1 kwa siku kwa milimita 50 za kwanza, baada ya hapo polepole zaidi, kwa hiyo jamvi la milimita 100 linahitaji miezi, siyo wiki nne. Anayelaza mbao kabla ya hapo ataziona zikivimba masika ya kwanza.

Nizungumzie zahanati. Aliye karibu zaidi na sakafu katika chumba cha kujifungulia ni mhudumu wa usafi aliyeinama na ndoo ya klorini, na baada yake ni kila mama anayeingia pekupeku. Damu na maji ya uzazi humwagika pale kila siku. Kigae ni kisafi, lakini mstari wa grauti ya saruji kati ya vigae unanyonya, unabadilika rangi, na hakuna dekio litakaloutoa uchafu ulioingia ndani. Terazo iliyosagwa vizuri ndiyo ninayoipendekeza kwanza kwa hospitali za wilaya: vipande vya marumaru ndani ya saruji, vikasuguliwa kwa mashine hadi uso uwe mmoja. Majengo mengi ya umma ya miaka ya 1950 hadi 1970 yana ngazi na korido za terazo ambazo bado zinapendeza baada ya mamilioni ya hatua, na zikichakaa husuguliwa upya. Pale penye fedha, shuka za vinaili zilizounganishwa kwa kuyeyushwa, zikapandishwa ukutani sentimita 10 au 15 kwa mkunjo wa mviringo, huondoa kabisa ile kona ya chini ambako uchafu hujificha. Na kama ni vigae tu vinavyopatikana, viwe vikubwa, visivyong'aa, vyenye mistari myembamba iliyojazwa grauti ya epoksi. Vizingiti viondolewe milangoni. Machela inayogonga kizingiti humwumiza mgonjwa aliyevunjika, na hilo halihitaji bajeti, linahitaji mtu afikirie.

Sokoni, viwandani na maghalani nitapita haraka. Ghala linataka zege lenyewe, lililosuguliwa kwa mashine na kukatwa mistari mapema kabla halijajipasua lenyewe. Soko la samaki linataka uso wa kukwaruza, mteremko mkali na mifereji mipana. Kiwanda cha maziwa kina adui ambaye wajenzi wengi hawamtarajii: maziwa yaliyomwagika huchacha, na asidi yake inaila saruji hadi kokoto zibaki wazi. Hapo tumieni vigae vinavyostahimili asidi na grauti ya epoksi. Kwa sababu inayofanana, marumaru halisi ya jiwe haifai jikoni kwetu. Ndimu, siki na ukwaju huacha doa la ukungu ambalo kusugua kwa kitambaa hakulitoi.

Misikiti ina somo lake. Waliokwenda Umra wanajua ubaridi wa sakafu nyeupe ya mataf, uwanja wa kuzunguka Kaaba, katika Masjid al-Haram chini ya jua kali; ni marumaru ya kisiwa cha Thassos, Ugiriki, ambayo weupe wake huurudisha mwanga badala ya kuumeza. Huku kwetu naona nyua za misikiti na za shule zikiwekwa vigae vyeusi au vya kahawia, na adhuhuri waumini wanaruka kwa vidole. Rangi ya nje iwe nyepesi. Na kati ya mahali pa kutawadhia na zulia la kuswalia iachwe sehemu ya sakafu ngumu isiyo na utelezi, hatua tano au sita, ili miguu ikauke; zulia linalopokea miguu iliyolowa mara tano kwa siku litanuka, na dawa za manukato hazitaliponya.

La mwisho ni wakati wa kuchagua. Sakafu iamuliwe kwenye mchoro, kabla jamvi halijamwagwa. Bafu linatakiwa lishuke chini ya usawa wa chumba. Asiyelishusha kwenye zege atalazimika kuinua kizingiti baadaye. Karatasi ya nailoni ya kuzuia unyevu wa ardhini huwekwa chini ya jamvi, na hakuna anayeweza kuirudisha huko zege likishakauka. Unene wa umalizio huamua urefu wa milango na kimo cha ngazi ya kwanza. Na mkinunua vigae, someni namba ya toleo kwenye kila boksi, ziwe moja, kisha mweke maboksi mawili chini ya kitanda pamoja na kipande cha karatasi chenye namba hiyo, kwa kuwa tanuri la mwaka ujao halitoi rangi ile ile.